Uzi wa vituo: nashuka kukagua kama kitu chenyewe bado kipo

Mzururaji_Jmosi · #1

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu hauna siasa, hauna mapenzi wala fursa ya biashara, kwa hiyo mwenye haraka zake apite tu, hatutagombana.

Nina tabia moja ambayo mke wangu anaiita "zamu ya Jumamosi". Nikitoka kazini saa 7 mchana, badala ya kurudi nyumbani napanda daladala ambayo sina shida nayo, nashuka kituo chenye jina la kitu, halafu nakitafuta hicho kitu. Kituo kinaitwa Tangi Bovu, natafuta tangi. Kinaitwa Bucha, natafuta bucha. Nina kaunta buku la kwaya mbili nimelipiga mistari mitatu: KIPO, HAKIPO, WANABISHANA. Mpaka leo nina vituo 63, vyote vya hapa Dar.

Ilianza Machi 2021. Bamdogo alikuwa kwetu wiki mbili kwa matibabu. Siku ya kurudi Singida akagoma kusindikizwa: "Mji huu nimeujua wewe hujazaliwa." Akapanda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao, akashuka Ubungo Terminal kama anavyoshuka miaka yote. Saa 12 na nusu asubuhi simu ikaita.

"We kijana, mabasi wameyapeleka wapi?"

Kumbe mwezi mmoja nyuma mabasi ya mikoani yalishahamia Mbezi Louis. Wenyeji tulijua, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Kibao cha mwendokasi kimeandikwa Terminal, na mzee wa watu kasimama chini yake na begi lake na ndoo ya dagaa, anatazama uzio. Namfuata, tunakimbilia Mbezi, basi limeshaondoka na tiketi imeliwa. Njia nzima hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Kama kitu wamekihamisha, jina wameliacha la nini?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo nikaanza kutazama majina.

Ukurasa wa kwanza ni Kimara Mwisho. Mwisho wa nini? Ukisimama pale leo barabara ya Morogoro inakupita kwenda Mbezi, Kibamba mpaka Kibaha, na nyumba hazikatiki. Nikakaa kwa mzee mmoja muuza kahawa, vikombe viwili na kashata ya nazi, nikamuuliza. Akanijibu bila kuniangalia, anapuliza mkaa: "Basi lilikuwa linageuza hapa. Ukitaka mbele unatembea, na usiku hutembei." Kwa hiyo mwisho ulikuwepo kweli, mji ndio ulioruka. Nikaandika HAKIPO.

Usiku nikafuta. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, njia ya kwanza ilitoka Kivukoni ikaishia wapi? Kimara hapo hapo. Kama kilomita 21 za zege, na mwisho wake ni Mwisho. Jina lilishakufa, likafufuka. Nimelihamishia WANABISHANA, na wanaobishana ni mimi peke yangu.

Nitaendelea. Mwenye kituo chake akilete.

Kaka_Mpole · #2

Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya daftari.

Ngoswe_wa_Pili · #3

Mkuu, nauli ya kushuka vituo 63 kutafuta bucha ungenunua kilo ngapi za nyama?

Mzururaji_Jmosi · #4

#2 picha nitaweka siku nikijiamini na mwandiko wangu.

#3 sasa umenigusa. Kituo cha Bucha, pale baada ya Korogwe ukitokea Kimara. Nilishuka nikiwa na uhakika wa KIPO. Nikakuta mabucha matatu. Sasa lipi ndilo lililozaa jina? Wa kwanza kasema ni lake. Wa pili kasema wa kwanza ni mgeni, amekuja juzi. Wa tatu alikuwa anakata mbavu, akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta shoka kwenye aproni, akaniuliza: "Nusu au robo?" Nikanunua nusu. Siku hiyo zamu ya Jumamosi ilisifiwa nyumbani.

Ikarus_Kumbakumba · #5

Wanangu, mimi ni mstaafu na nilikuwa nasoma tu, ila hapa mmenichokoza.

Hayo majina mengi hayakuwekwa na Serikali wala Jiji. Yaliwekwa na makonda na abiria, kwa sababu moja: konda hana muda. Hawezi kusema "kituo kilicho karibu na kiwanda cha kusindika maziwa". Anasema "Maziwa!" na wewe unayefanya kazi pale unajua umefika. Ndiyo Ubungo Maziwa hiyo. Ndiyo Urafiki: kile kiwanda cha nguo tulichojengewa na Wachina 1968. Zamu ya asubuhi basi zima linashuka pale, wanawake kwa wanaume, na linabaki tupu kama limetapika. Buguruni Sheli ni kituo cha mafuta. Tabata Relini ni reli. Jina ni alama ya kushukia, si kumbukumbu.

Enzi ya UDA, shirika la usafiri la Dar, tulipanda Ikarus zile ndefu zenye kiungo katikati, tukiita kumbakumba. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa rasmi, nauli ikawa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani tuliita dala. Konda anapiga bati: "Dala! Dala!" Leo hiyo sarafu mtoto wangu hajawahi kuishika, na nauli hatuongelei, ila gari bado ni daladala. Liandike kwenye daftari lako: HAKIPO.

Na hiyo Ubungo unayoililia, mabasi yenyewe yalihamia pale sisi tukiwa watu wazima. Tulipandia Kisutu na Mnazi Mmoja. Na mnazi wa Mnazi Mmoja, Mungu ni shahidi, sikuwahi kuonyeshwa.

Mzururaji_Jmosi · #6

Shikamoo mzee. Daladala yenyewe! Nimeipanda miaka yote na daftari mkononi, sikuwahi kufikiri kwamba gari lenyewe ni kituo. Nimeliandika namba 64.

Ila nakupinga kidogo kwa heshima: alama ya kushukia ikikaa miaka arobaini inageuka kumbukumbu hata kama konda hakukusudia.

Binti_Dampo · #7

Naitwa hivi kwa sababu nimezaliwa Tabata Dampo na shuleni walinitania mpaka nikazoea. Watu wanadhani ni jina la utani. Jamani, palikuwa na dampo kweli, la jiji zima. Mama anasimulia walikuwa wanafunga madirisha mchana, moshi wa taka unaingia mpaka kwenye ugali, nzi hawana idadi.

Kisichojulikana na vijana ni kwamba lile dampo halikuondoka kwa hisani. Wakazi walilipeleka Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988, wakashinda. Jiji likawa linarudi kuomba muda liendelee kumwaga, na jaji hakukubali. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Wanasheria wa mazingira wanaisoma kesi hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo Mzururaji, ukifika usiandike HAKIPO kwa kalamu ya kawaida. Andika kwa wino mwekundu. Huku kutokuwepo kwake ndiyo ushindi wetu.

Mzururaji_Jmosi · #8

Dada, nimenunua kalamu nyekundu. Sitanii. Shilingi 300.

Kaka_Mpole · #9

Naona uzi unanoga. Na Mwembechai? Mwembe unaozaa chai nao unautafuta?

Meru_Halisi · #10

Nyie mnatania, sisi huku Arumeru tuna Maji ya Chai na si utani. Mto wenyewe maji yana rangi ya chai ya rangi, na madini ya floraidi yamejaa, ndiyo maana watu wa huku wengi meno yetu ya kahawia. Nikija Dar nikicheka watu wanadhani navuta sigara. Andika KIPO, tena mpaka mdomoni.

Pwani_ya_Bububu · #11

Assalaam aleikum. Nyinyi wa bara mnahesabu miaka arobaini, sisi huku Unguja tuna Darajani. Mgeni akishuka pale hukuta soko, vyumba vya biashara, msongamano wa watu na vespa. Daraja hapana. Zamani palikuwa na mkono wa bahari umekata baina ya Mji Mkongwe na upande wa pili, na daraja la kuvukia. Mkono wa bahari ukafukiwa, daraja likaondoka, Darajani ikabaki. Na ule upande wa pili ndio Ng'ambo. Mtu leo anakwenda Ng'ambo kwa miguu bila kuvuka hata shimo, na bado yuko ng'ambo.

Kwetu Bububu, tunakokwenda na gari ya 502, wazee wanagombana. Kulikuwa na treni, ilianza 1905, ikitoka mjini mpaka hapa. Wapo wanaosema jina ni mlio wa treni: bu-bu-bu. Wapo wanaosema ni maji ya chemchemi yakibubujika, na jina ni la kale kuliko treni. Mimi niko na chemchemi. Treni nayo haipo, ila hiyo ni habari nyengine.

Mzururaji_Jmosi · #12

Waaleikum salaam. Ng'ambo bila maji! Hii imenikosesha usingizi. Nakuja Unguja na boti Idd ikifika, nataka kuvuka kwenda Ng'ambo bila kulowa.

Taarifa ya wiki hii: Jangwani. Nilitaka kuona jangwa, na wote mnajua nilichokikuta. Bonde la Msimbazi. Masika yakikolea barabara inafungwa, mwendokasi haupiti, na watu wanavuka kwa kubebwa mgongoni kwa malipo. Hakuna mahali Dar penye maji mengi kuliko Jangwani. Nimekaa darajani nusu saa na mstari wa kuandika sijaupata. HAKIPO haitoshi, kinyume chake ndicho kilichopo.

(Watani wa Msimbazi, yaani Simba, msianze, najua mnataka kusema nini kuhusu watoto wa Jangwani, Yanga, na maji.)

Ngoswe_wa_Pili · #13

Hatuanzi. Tunasema tu kwamba bonde lenyewe linaitwa Msimbazi, kwa hiyo mwenye eneo anajulikana.

Wa_Githurai · #14

Hamjambo ndugu zetu. Mimi nasoma uzi huu nikiwa kwenye matatu, foleni ya Thika Road. Kwetu kuna kali kuliko hiyo. Kuna Githurai 44 na Githurai 45. Mgeni hudhani ni mitaa iliyopangwa kwa namba na anauliza 43 iko upande gani. Hakuna. Namba zilikuwa za basi. Basi la 44 lilipita Kamiti Road, la 45 likapita Thika Road, na watu wa kila upande wakabeba namba ya basi lao ikawa jina la mtaa. Sasa mtu anasema "nimezaliwa forty-five" kwa majivuno kabisa.

Na sisi tuna Kariokor. Ninyi Kariakoo. Ulishakagua hiyo?

Mzururaji_Jmosi · #15

Karibu jirani. Kariakoo niliiogopa kwa sababu nilijua itakula daftari zima, lakini umenilazimisha.

Waingereza walipouchukua mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo lile waliligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Midomo yetu ikaifanya Kariakoo, midomo ya Nairobi ikaifanya Kariokor. Jina moja limevunjwa kwa namna mbili. Wapagazi wale walibeba risasi, vyakula na majeruhi wa vita visivyo vyao, na wengi wao hawakurudi, zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko risasi.

Sasa jana nimesimama Mtaa wa Kongo saa 8 mchana. Jua la utosi. Kijana amebeba marobota mawili ya mitumba kichwani, shingo imezama mabegani, anapiga kelele "Moto! Moto! Pisha moto!" na watu wanampisha bila kumtazama usoni. Nyuma yake mwingine na mzigo. Nyuma mwingine anasukuma mkokoteni wa mabati. Nikafungua daftari nikiwa nimeegemea nguzo, nikaandika KIPO. Ukiacha cha kwetu, ndicho kituo pekee nilichoandika bila kumuuliza mtu.

Ikarus_Kumbakumba · #16

Hapo umeandika, mwanangu.

Mama_Vitenge · #17

Mimi naomba kujua kuhusu vituo vya majina ya watu. Kwa Aziz Ali, Sinza Kwa Remmy. Hao unawakagua vipi? Unabisha hodi?

Mzururaji_Jmosi · #18

Mama, swali lako limenipeleka Sinza Jumamosi hii. Kwa wasiojua: Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja kwetu, akawa wetu, na bendi yake ya Matimila ikaimba shida za watu wa chini kiasi kwamba walimwita Dokta. Aliishi Sinza, kituo kikachukua jina lake akiwa hai. Amefariki Desemba 2010.

Kwenye daladala nikamuuliza konda, kijana wa miaka 20 hivi, noti amezikunja kati ya vidole:

"Remmy ni nani?"

"Kituo."

"Najua ni kituo. Remmy mwenyewe?"

Akanitazama kama nina homa. "Mzee, unashuka au hushuki?"

Mama mmoja kiti cha nyuma akaanza kuimba kwa sauti ya chini, hakumlenga mtu. Wa pembeni yake akadakia. Mpaka tunafika kituoni walikuwa wanne. Konda naye akaanza kugonga bati kwa kufuata mdundo, bila kujua ni wa nani.

Sikuandika kitu. Imebidi nichore mstari wa nne kwenye daftari na bado sijaupa jina. Pendekezeni.

Binti_Dampo · #19

ALIKUWEPO.

Pwani_ya_Bububu · #20

YUPO.

Kaka_Mpole · #21

Andika "Unashuka au hushuki".

Ngoswe_wa_Pili · #22

Nakazia #21. Halafu mkuu, kituo chako wewe kinaitwaje? Umezunguka mji mzima, kwenu hujasema.

Mzururaji_Jmosi · #23

Kwetu ni Kontena, huku Goba ndani, sehemu ambayo lami imeishia njiani. Ni kontena la bluu la futi 20. Mwenyewe alilitoboa dirisha akaweka duka: vocha, mkate, mafuta ya kupima, na meza ya draft mbele chini ya mwarobaini. Miaka 6 iliyopita kituo hiki hakikuwa na jina, tulikuwa tunasema "pale mbele ya yule mbwa". Ni namba 2 kwenye daftari. KIPO. Sikuhitaji hata kutoka nje, nalichungulia dirishani.

Wa_Githurai · #24

Mbele ya yule mbwa 😂😂 Hiyo ndiyo ingebaki.

Mzururaji_Jmosi · #25

Wakuu, nilipotea wiki mbili, nisameheni. Kuna jambo limetokea.

Alhamisi asubuhi limekuja lori lenye kreni. Mwenye duka amepata fremu mbele, kwenye lami, kontena kaliuza. Wakalifunga minyororo, mafundi wanne wanapiga kelele "Taratibu! Taratibu!", likanyanyuka, chini yake wakakimbia panya na mjusi mmoja mkubwa. Draft ikahamishiwa kwenye kivuli cha mwarobaini upande wa pili. Saa 4 asubuhi kila kitu kimeisha.

Nimekagua vituo 70 vya watu wengine, vyote nimefika nimechelewa. Hiki nimesimama dirishani na mswaki mdomoni nakitazama kinapakiwa.

Ijumaa jioni natoka mjini, daladala imejaa, nimesimama mlangoni nimebanwa na mama mwenye kapu la mboga. Tunakaribia. Konda, mgeni kabisa, ndiyo kwanza nimemwona njia hii, anagonga bati:

"Kontena wapo?"

"Wapo!" Watu watatu kwa pamoja, na mmoja wao ni mimi.

"Suka, Kontena hapo, shusha."

Tukashuka. Pale lilipokuwepo udongo ni mweupe, umeshindiliwa, pembe nne zimenyooka kama kaburi la tembo, na katikati kuna kifuniko cha soda na kipande cha vocha iliyokwanguliwa. Wale wawili wakawasha tochi za simu wakaenda zao. Hawakutazama chini.

Bamdogo nimempigia kumwambia. Amecheka sana, halafu akaniuliza akija mgeni atashukia wapi. Nikamwambia Kontena.

Ikarus_Kumbakumba · #26

Umeandikaje?

Mzururaji_Jmosi · #27

Bado, mzee. Daftari liko kwa mke wangu. Amesema kesho zamu ni yake, anakwenda Magomeni kuangalia mapipa.